Sala ya Kuondoka

Mimi nimechoka, na nalisema hilo mwanzoni ili asije mtu akadhani nasimulia haya nikiwa na nguvu. Nimesalisha rozari za wafu katika kijiji chetu cha kusini mwa Guam tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Mtu akifa, naitwa mimi kabla ya mwenye majeneza. Jioni tisa napiga magoti mbele ya picha ya marehemu, natangulia, watu wanaitikia, halafu tunakula wali mwekundu na mbavu za kuchoma na kurudi makwetu. Mwanamke wa kazi hii kwa Kichamoru anaitwa techa, na wote wanasema ni heshima kubwa. Ni heshima, sikatai, ila magoti hayajui heshima.

Hakuna wanaozijua rozari zetu kama wanasiasa. Kisiwani hapa mtu hachaguliwi kwa sera, anachaguliwa kwa kuonekana chini ya turubai la msiba. Anakuja na shati la maua lililopigwa pasi, anashika mikono ya wazee na kuiinamia mpaka iguse pua yake, kama tunavyowasalimu wakubwa, anaitikia "utuombee" kwa sauti ya kufika barabarani, na kabla wali haujapakuliwa huyo, keshakwenda msiba wa kijiji cha pili. Nimewaona wakisinzia. Nimemwona mmoja akipokea simu katikati ya fumbo la tatu, akanipungia mkono niendelee, kana kwamba nilikuwa namsubiri yeye.

Semo hakuwa wa namna hiyo. Jina lake kamili ni Anselmo Taijeron, na mama yake, Tan Rufina, kama tunavyowaita bibi wa heshima, ndiye aliyenifundisha kusalisha. Rufina ni binamu yangu, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, kwa hiyo Semo ananiita mama mdogo. Juu ya hilo, ni mimi niliyembeba siku ya ubatizo wake, akanilowesha gauni. Alipochaguliwa kuwa seneta tulidhani atabadilika. Hakubadilika. Alikaa mpaka sala ya mwisho, akakunja viti, akabeba masufuria. Sala za Kichamoru anazo kichwani zote, wakati wenzake wa rika lake wanaitikia kwa kutazama midomo ya jirani. Nilijivuna naye mpaka nikawa kero kwa watu. Nilimpigia kampeni hata hospitalini, kwa wagonjwa wenye mipira puani.

Kisha ukaja ule muswada. Ulikuwa wa kumruhusu mgonjwa asiyepona amwombe daktari dawa ya kumaliza maisha yake. Askofu alisema hapana, mapadre wakasema hapana, na waumini wakasema hapana kanisani, ingawa jikoni baadhi yao nimewasikia wakisema mengine. Semo akasimama bungeni akasema ndiyo, akaeleza na sababu, na redio ikarusha kila neno. Muswada wenyewe ulianguka. Kelele zote zile zilikuwa kwa ajili ya kitu ambacho hakikuzaliwa. Seneta mmoja wa kaskazini, mwenye nyumba mbili zinazojuana, alipiga kura ya hapana, na kwenye maandamano ya Ekaristi akapewa kushika nguzo ya mbele ya mwavuli. Semo, mwenye mke mmoja na asiyelewa hata Krismasi, akaambiwa na padre asisome tena somo misani.

Padre Crisanto alimwambia kwa upole, na kwa siri, kwa hiyo kufikia mchana kijiji kizima kilijua. Sisi wanawake wa sala alituambia kila mmoja afuate dhamiri yake. Sasa, dhamiri ya wanawake wa kijiji chetu ina mdomo kuliko miguu. Walikaa kwenye veranda ya parokia, wakaongea mpaka kahawa ikapoa, wakakata shauri kwamba hawataingia nyumba ya Semo kusali, msiba au si msiba, mpaka aombe radhi hadharani. Kisha wakanitazama mimi. Tan Tomasa Naputi, anayeketi kulia kwangu siku zote na kunipokea sauti yangu ikikauka, akaniuliza mimi nasemaje, maana yule ni damu yangu.

Nikasema, "Mimi siendi."

Walifurahi, huwezi kuamini. Nililetewa mkate wa nazi, nikaletewa shelisheli za kuchemsha, nikasifiwa kwamba mimi, Engracia, nimeweka imani mbele ya damu. Nilikula ule mkate na nikanyamaza. Funika kombe mwanaharamu apite.

Kwa sababu imani haikuwamo. Sababu yangu ilikuwa Kin.

Kin, yaani Joaquin, mume wangu, alikuwa fundi wa mabasi ya shule, mtu mwenye mikono mikubwa na mizaha mingi. Pamoja na rozari za wafu, techa huitwa pia kwa mtu anayekata roho, amsomee Sala ya Kuondoka, ile inayoiambia roho iende zake kwa amani. Rufina alikuwa nayo kwa Kichamoru cha zamani, kirefu, kisicho kitabuni, na alinifundisha mimi peke yangu. Mara nyingi mgonjwa alikuwa akisubiri mpaka nifike, nimtaje jina, nimwambie ondoka, na kweli akaondoka kabla sijamaliza kahawa yangu. Kin alikuwa akinicheka kwa hilo. Aliniita mkata tiketi. Akisikia simu inalia jioni, alipiga kelele kutoka chini ya gari kwamba mkata tiketi anatakiwa kituoni.

Ugonjwa uliompata ni ule wa vijiji vyetu vya kusini, tunaouita litiko. Unakula misuli na kuiacha akili ikitazama. Ulianza na spana kumwanguka mkononi, tukacheka, tukamwambia amezeeka. Ukaja miguuni, ukapanda kifuani, ukamalizia na ulimi. Nilimlisha kwa kijiko miaka, nikamgeuza kitandani, nikamfuta. Na jioni watu waliponiita nilikwenda, kwa sababu wafu hawangoji, na kwa sababu, niseme tu, nje ya nyumba ile niliweza kuvuta pumzi. Semo alikuwa chuoni wakati huo. Alikuwa akija na vitabu vyake kukaa na Kin mpaka nirudi. Sikumwomba. Alikuja mwenyewe, na kwa hilo nilimpenda kuliko watoto wengi wa kuzaa.

Sala ya Kuondoka sikumsomea Kin. Kila nilipomtazama nilimwambia kesho utaamka na nguvu. Alikufa asubuhi moja nikiwa jikoni nachemsha maji, bila mtu wa kumwambia neno. Kisha nikamsalia jioni tisa, sikukosea hata mstari mmoja, na watu wakasema hawajapata kuona mjane wa namna ile.

Basi siku ya ule muswada nilikuwa nakamua ndimu juu ya kuku, redio imewashwa dirishani, na nikamsikia Semo akisema kwamba kijijini kwake alikuwapo fundi wa mabasi. Hakutaja jina. Lakini kusini nzima fundi wa mabasi mwenye litiko alikuwa mmoja. Akasema fundi yule, ulimi ukiwa umebaki kidogo tu, alimwomba asaidiwe kwenda. "Mkewe hakuwapo," akasema. "Alikuwa akiwasalia watu wengine." Niliendelea kukamua ndimu ile mpaka ikabaki ganda.

Watu wanadhani aibu ndiyo inayouma. Aibu ilikuja, ndiyo, dukani walinyamaza nilipoingia. Lakini kilichonikata ni kwamba miaka yote ile nilijua jambo moja kwa hakika: kwamba Kin alipigana mpaka mwisho kwa ajili yangu. Kumbe alikuwa amemwomba kijana wa watu ruhusa ya kuondoka, na mimi hakuniomba. Na kijana yule akakaa na siri hiyo kifuani akila wali wangu, kisha akawaambia wabunge na waandishi na kisiwa kizima kabla ya kuniambia mimi. Kwa hiyo Tomasa aliponiuliza nasemaje, nilisema siendi, na wao wakalipa neno langu jina walilolipenda.

Msimu wa mvua ulipoanza Rufina akaanguka bafuni. Upande mmoja wa mwili ukafa. Walimweka hospitali kwa muda, kisha Semo akamrudisha nyumbani kwake, wanakoishi wote, kwa sababu mwenyewe alisema hataki kufa akitazama dari la watu. Padre Crisanto alikwenda mara moja, akampaka mafuta, akampa Komunyo. Akitoka huko alipita kwangu. Akakaa kwenye kiti cha Kin, akala shelisheli bila kuitamani, akaniambia kwamba upande mmoja unamwandikia askofu kuwa padre ni dhaifu na upande wa pili unamwandikia kuwa padre ni katili, na yeye analala vibaya. Nilimwonea huruma. Ni mtu wa Visiwa vya Ufilipino, mama yake yuko mbali, na sisi si watu wepesi.

"Tan Engracia," akasema mlangoni, "mimi nilisema Semo asisome somo. Sikusema mama yake asisaliwe."

Nikamwambia nimesikia, Padre. Na sikwenda. Kisingizio kilikuwa kimenitoka mkononi, nikabaki na hasira tupu, nikaikumbatia hivyo hivyo. Kila asubuhi niliamka nikisema leo nitakwenda, na kila asubuhi nilisikia ile sauti ya redioni ikisema mkewe hakuwapo, na nikatafuta nguo za kufua.

Tomasa ndiye aliyeniletea habari, dukani, kati ya mchele na makopo ya nyama. Alisema Rufina hali, hanywi ila matone, anaumia, wala hafi. Kila akiamka anataja jina langu. Akasema hayo kwa sauti ya kunipongeza mwanzoni, jinsi nilivyokaza, lakini katikati sauti ikamlegea. Yeye naye Rufina alimfundisha kushona mashada ya maua ya kanisani. Mwishowe akasema, akiitazama bei ya mchele kana kwamba ameambiwa aikariri, kwamba mimi nikienda atanifuata, ila kunitangulia hawezi, wenzake watamla nyama. Nilirudi nyumbani nikiwa nimesahau nilichokwenda kununua.

Mchana uliofuata, mvua ikiwa imekatika, Semo alikuja kwa miguu. Matope yalikuwa yamempanda mpaka magotini. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, natafuna popoo na tambuu. Alipofika aliinama na kunyoosha mkono kuupokea wangu, kama alivyofanya tangu ajue kusimama. Nikaiingiza mikono yangu yote chini ya aproni. Hajawahi mtu kunifanyia hivyo mimi, na mimi sijawahi kumfanyia mtu. Alibaki ameinama, mkono hewani, kisha akaurudisha taratibu.

"Mama mdogo," akasema, "sijaja kwa ajili yangu."

"Wanasiasa wote husema hivyo."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajalala. Aliniambia gari ameliacha kanisani ili watu wasiseme seneta amekuja kutisha wajane kwa gari la serikali. Nilimwona amekonda. Kola ya shati ilikuwa imechafuka, yeye ambaye mkewe humfulia mpaka soksi zinang'aa. Hasira yangu ilitafuta mahali pa kukaa juu yake na haikupata, ikazidi kuwa hasira.

"Anakusubiri wewe," akasema. "Padre alimsomea kitabuni, mama akageuza uso. Nikamsomea mimi, ile ya Kichamoru, kadiri ninavyoikumbuka. Unajua aliniambia nini? 'Wewe huna mamlaka ya kunituma popote. Kalete maji.'"

Hapo karibu nicheke. Huyo ndiye Rufina. Nikatema popoo kwenye kopo ili nipate cha kufanya na mdomo wangu.

"Kin alikuambia nini?" nikamuuliza. "Si yale ya redioni. Maneno yake mwenyewe."

Aliketi ngazi ya chini yangu, akanigeuzia mgongo, akawa anasema akiutazama ua wangu, mahali palipokuwa na karakana ya Kin, ambapo sasa kuku wanalala.

"Ulimi ulikuwa mzito, lakini mimi nilikuwa nimeshamzoea," akasema. "Alisema, 'Kila mtu kijijini hapa, mke wangu akimwambia ondoka, anaondoka. Mwambie aniambie na mimi.'"

Nikamwambia arudie. Akarudia. Yalikuwa maneno ya Kin, mzaha na yote. Hakuna mtu mwingine duniani angeyapanga vile. Mkata tiketi. Niliyasikia kabisa kwa sauti yake ya zamani, kutoka chini ya gari.

"Wewe ukaelewa nini?"

"Nilikuwa kijana, mama mdogo. Nilielewa anataka kufa. Nilidhani anataka dawa."

"Alitaka sala, Semo. Ile ile anayoitaka mama yako."

"Labda." Akaokota kijiwe, akakitupa. "Labda vyote viwili. Wewe hukuyaona macho yake siku ile. Mimi niliyaona, na bado nayaona, na ndiyo maana nilipiga kura vile. Sikuja kukudanganya. Muswada ukirudi kesho nitapiga vile vile, na wakinitupa kwenye uchaguzi, wanitupe."

"Na Kanisa?"

"Kanisa ni kwangu. Nitakaa benchi la nyuma."

Sikuwa na nguvu ya kubishana naye. Nina maneno yangu kuhusu jambo hilo, na bado ninayo, na siyo yake. Naamini uhai hatukujipa na hatuna haki ya kuukata. Lakini nilimgeuza Kin kitandani miaka yote ile, na najua pia kwamba wengi wanaolisema hilo kwa sauti kubwa hawajawahi kumgeuza mtu. Nilichotaka mimi kilikuwa kidogo kuliko muswada.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulirudi jioni ile umechoka, miguu imevimba. Ukamfuta mate, ukamwambia kesho utaamka na nguvu. Akakutazama. Kisha akanitazama mimi, akafumba macho." Akakwangua tope kwenye goti. "Ningeanzia wapi? Na ulivyozidi kupita muda, ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu. Halafu nikasimama mbele ya kipaza sauti, ikanitoka. Kukufanya uisikie redioni, hilo nimekukosea. Kura yangu najua kuitetea. Hilo sina cha kulitetea."

Kuku wakawa wanachakura. Nilikuwa nimemwekea hasira kwa sababu alijua kitu cha mume wangu ambacho mimi sikukijua. Kumbe alikuwa nacho bila kukielewa, na mimi ningekielewa mara moja lakini sikuwapo nikisikie. Na hata ningekuwapo, sijui kama ningemsomea. Kumwambia mtu wa jirani ondoka ni kazi. Kumwambia Kin ondoka, ningewezaje.

"Gari lenyewe umeliacha kanisani," nikasema. "Utanitembeza na magoti haya?"

Alisimama upesi, akageuka. Nikatoa mkono chini ya aproni, nikampa aninyanyue. Hakuninyanyua moja kwa moja. Kwanza aliuinamia, akauweka puani, akakaa hivyo zaidi ya inavyotakiwa, na mimi nikamwacha.

Tulipita katikati ya kijiji, mimi nimemshika kiwiko, matope yakituvuta viatu. Mbwa walitufuata. Mapazia yalisogea. Mbele ya nyumba ya Tomasa nilikohoa kwa makusudi, na sikugeuka kutazama, lakini baada ya muda nikasikia kandambili nyuma yetu, na ile pumzi yake ya pumu. Nilijua kuanzia kesho sitaletewa mkate wa nazi, na kusema kweli ule mkate ulikuwa mkavu.

Walikuwa wamemweka Rufina sebuleni, kitanda kikielekea sanamu ya Bikira Maria ya kwenye kona. Mke wa Semo alikuwa akimlowesha midomo kwa pamba. Yule mwanamke aliyewahi kunipiga kiwiko kwa kukosea litania alikuwa amepungua mpaka shuka lilikuwa kama limetandikwa juu ya kitanda kitupu. Jicho moja lilifunguka. Likanitafuta, likanipata, likafumba tena, kama la mtu aliyesikia basi lake linakuja na hana haraka tena.

Nikapiga magoti. Tomasa akapiga upande wangu wa kulia, mahali pake. Semo na mkewe wakapiga nyuma. Nikafanya ishara ya msalaba, nikashika mkono wa Rufina ulio hai, nikaanza kwa Kichamoru kile cha zamani alichonifundisha, polepole, kama alivyotaka kifuatwe. Maneno yalikuja yenyewe. Nimeyasema kwa watu wengi sana kiasi kwamba siyatafuti. Nilifika kwenye mstari wa jina, nikavuta pumzi, nikasema:

"Ondoka duniani, ewe roho ya Mkristo, Joaquin..."

Kila kitu kikasimama. Tomasa, ambaye hajawahi kuchelewa kuitikia maishani mwake, hakuitikia. Nyuma yangu nikasikia Semo akishusha pumzi yake. Nilijua nilichokisema, na sikuweza kukirudisha wala kuendelea. Nusu karne ya kusalisha, na nimemkosea jina mtu anayekufa, tena mwalimu wangu, mbele ya watu. Nikainamisha kichwa juu ya ule mkono nikalia kilio ambacho sikukilia kwenye zile jioni tisa.

Vidole vya Rufina vikajikunja kwenye vyangu. Akasema kwa nusu ya mdomo uliobaki, taratibu, na kila mtu chumbani alimsikia.

"Mmalizie huyo kwanza. Mimi nitangoja."

Nikajifuta uso kwa aproni. Nikarudi mwanzo wa mstari, nikamtaja Kin tena, nikamwambia aondoke. Nikamwambia kwa jina la Baba aliyemuumba, na kwa jina la Mwana aliyemfia, na sikuruka kitu, hata ile sehemu ndefu ya watakatifu ambayo wengine huifupisha mgonjwa akiwa ameshachoka. Semo ndiye aliyeitikia. Tomasa sauti ilikuwa imemkauka, kwa hiyo Semo aliitikia peke yake, mistari yote, bila kukosea, mpaka amina.

Kisha nikashika vizuri mkono wa Rufina, nikaanza upya.